Kufunda Vifundo

Rokiškis, Januari. Theluji imeziba madirisha ya ukumbi,
mabomba ya joto yananguruma hadi raba zinanuka.
Wasichana kumi na wawili, kila mtu mguu mmoja,
macho tumefumba.
Kocha Ramutė anahesabu polepole, kusudi,
kama mwenye duka anayehesabu chenji asiyotaka kuitoa.

"Kifundo," anasema, "ni mwanafunzi mzito.
Hasikii maneno. Mrudieni. Mrudieni."
Fundo dogo hili, nalo lina unyago wake:
hufundwa kwa kuyumba.

Changu kiliteguka Novemba,
mechi na Utena, dakika ya tatu, hata jasho halijanitoka.
Niliruka mzima nikashukia kiatu cha mtu.
Vitendawili hutegwa, vikateguliwa, watu wakacheka;
mimi nilitegwa na soli ya kijani yenye unene wa vidole viwili,
nikateguka, na hakuna aliyecheka.
Kikavimba, kikawa na rangi ya bitiruti.

Wiki sita benchi, nikigawa chupa za maji.
Benchi lina elimu yake. Pale niliona
nani hutua kwa visigino, puu! kama gunia la viazi,
nani magoti yake hugongana akishuka,
nani hafungi kamba za viatu, huzichomeka tu pembeni
kwa sababu mvulana fulani wa darasa la kumi na mbili hufanya hivyo.
Nilimwona Vakarė akimeza kidonge chooni,
akarudi uwanjani akichechemea kwa siri,
nami nikanyamaza.
Hilo bado linaniuma kuliko mguu.

Siku hizi sinyamazi.

"Tueni," anasema kocha, "kama mliochelewa kurudi nyumbani
na mama kalala chumba cha karibu na mlango."
Goti lilegee, nyonga irudi nyuma,
sakafu isijue umefika.
Ruka kushoto, ganda. Ruka kulia, ganda.
Panda juu ya mto wa sponji, daka mpira.
Kama kiliwahi kuteguka, vaa soksi ya kubana, acha haya;
kifundo kilichoumia husahau kilipo gizani.
Na likikuuma, sema.
Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nyumbani napiga mswaki kwa mguu mmoja,
asubuhi wa kulia, usiku wa kushoto,
povu likidondokea fulana.
Baba hupita: "Korongo wote wamehama, wewe umebaki?"
Kweli, kiota chao juu ya nguzo ya umeme, ng'ambo ya barabara,
kimejaa theluji kama bakuli la maziwa.

Jana, Utena tena. Robo ya nne.
Vakarė akapaa kuufuata mpira uliogonga ubao,
akashukia kiatu cha mtu,
kiatu kilekile, naapa, cha kijani.
Kifundo kikalala upande.
Nikabana pumzi.
Kikakumbuka. Kikasimama. Akatoa pasi.

Hakuna aliyepiga makofi. Angepigia nini?
Filimbi haikulia, barafu haikutoka kwenye ndoo,
na gazeti la mji halitaandika
kwamba jana, saa moja na dakika kumi usiku,
msichana mmoja hakuumia.
Tulifungwa kwa pointi nne. Wenzangu walitoka wamenuna.
Mimi, niliyekuwa nimepumzishwa,
nilijifunika taulo nikalia kidogo,
wakadhani ni kwa ajili ya zile pointi.

Leo mabomba yananguruma tena. Mguu mmoja. Macho fumba.
Mgeni wetu, Skaistė, kashika bega la jirani;
kocha kaliona bega, kaliacha.
Ishirini na saba. Ishirini na...
anasita, mchoyo yule wa chenji,
nasi tunayumba, tunayumba,
tunasubiri nane.